Alginati imekauka kidondani

SWALI: Mama ana kidonda mguuni. Nesi alikifunika kwa alginati (bandeji ya nyuzi), lakini siku ya kubadilisha tuliikuta imekauka na kushikamana na nyama. Tuivute?

JIBU: Msiivute! Mtang'oa nyama changa inayoota. Iloweni kwa salini, yaani maji safi ya chumvi ya kuoshea vidonda, ya asilimia 0.9 mpaka ilainike, kisha mwitoe taratibu.

Ikikauka hivyo, mara nyingi kidonda hakitoi tena majimaji ya kutosha. Alginati hutokana na mwani wa kahawia. Kalsiamu iliyo katika nyuzi zake hubadilishana nafasi na sodiamu ya majimaji ya kidonda, nyuzi zikageuka utelezi unaotunza unyevu. Pasipo majimaji, utelezi haupatikani. Mwulizeni nesi kuhusu aina nyingine, kwa mfano haidrojeli, yaani jeli yenye maji mengi.

Kidonda kikianza tena kuvuja, alginati iwekwe ikiwa kavu, imekatwa kwa umbo la kidonda. Ikilalia ngozi ya pembeni, ngozi hulowa na kuchubuka. Kwenye shimo isishindiliwe. Juu yake lazima iwepo bandeji ya pili. Utelezi wa manjano si lazima uwe usaha: osheni kwanza, ndipo mtazame. Wekundu ukitambaa, homa ikipanda au maumivu yakizidi, mpelekeni kituoni siku hiyohiyo.