Maswali na majibu: Tonado hupewa namba ikishapita

Safu hii wiki hii ni ya tonado peke yake, yaani upepo mkali unaozunguka kutoka wingu la radi hadi ardhini. Maswali yamekuja kutoka Dodoma hadi Kentucky, na nimeyapanga ili moja lifungue njia kwa lingine.

Kiangazi huku kwetu vumbi huinuka likizunguka, likapita hata vilele vya miti. Hiyo si tonado ndogo? (Msomaji, Dodoma)

Hapana. Hicho ni kisulisuli, wengine hukiita chamchela. Kinazaliwa chini, kwenye udongo uliochomwa na jua: hewa ya moto hupanda kwa haraka, na upepo wa pembeni huizungusha. Ukitazama juu yake utaona anga jeupe tu. Tonado ni lazima ishikane na wingu la mvua ya radi kwa juu na iguse ardhi kwa chini. Mkia unaoning'inia kutoka winguni bila kufika chini bado haujaitwa tonado.

Sisi wavuvi huona nguzo ya maji imesimama kati ya wingu na ziwa. Ni kweli inanyonya maji na samaki? (Msomaji, Ukerewe)

Hiyo imo katika ukoo wa tonado, na Ziwa Victoria linazijua vizuri. Nguzo yenyewe kwa sehemu kubwa si maji ya ziwa. Ni mvuke wa hewani uliopoa ukawa matone, kama wingu linavyokuwa. Maji ya ziwa ni yale yanayorushwa chini kabisa, kwenye kitako chake.

Aina hii huanza usoni pa maji, pale pepo za pande mbili zinapokutana na kuanza kuzungushana. Wingu linalokua juu yake huuvuta mzunguko huo kwenda juu. Nchi kavu nako kuna ndugu yake anayezaliwa vivyo hivyo. Nyingi ni dhaifu na hufa upesi, lakini kwa mtumbwi hakuna iliyo dhaifu. Ukiiona, tazama inaelekea wapi, kisha ukate pembeni mwa njia yake. Usishindane nayo mbio kwa kufuata njia ileile.

Zile kali za Marekani zinatokeaje? (Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Kisumu)

Swali zuri, mwanangu. Chukua majimbo ya Oklahoma na Kansas wakati wa Aprili na Mei. Kutoka Ghuba ya Meksiko huja hewa ya joto yenye unyevu, inatambaa chini. Juu yake hupita hewa kavu kutoka nyanda za juu za magharibi. Juu zaidi kuna upepo wa kasi unaovuma kuelekea upande tofauti na ule wa chini. Tofauti hiyo ya kasi na mwelekeo huifanya hewa ijiviringishe kwa kulala. Hewa ya joto inapopanda kwa nguvu huuinua mviringo huo ukasimama wima, na sasa wingu zima linazunguka, kwa upana wa kilomita kadhaa.

Hata hapo tonado bado. Mawingu mengi ya namna hiyo huzunguka yakamwaga mvua ya mawe na kwisha. Katika machache, hewa inayoshuka nyuma ya wingu hujikunja kuuzunguka mzunguko wa chini, na hewa inayopanda inaunyoosha kwenda juu. Kinachonyooshwa hupungua upana, na kikipungua upana huongeza kasi. Kaa kwenye kiti cha ofisini kinachozunguka, nyoosha mikono, usukumwe, halafu ikunje kifuani: utaona. Kwa nini wingu moja lizae na jirani yake lisizae, hapo ndipo watafiti wanapokesha mpaka leo.

Maumbo nayo ni mengi: nyembamba kama kamba, pana kama kabari inayofunika upeo wa macho, na nyingine zenye vizunguko vidogo kadhaa ndani ya kimoja. Hizo za mwisho ndizo hubomoa nyumba moja na kuiacha ya jirani imesimama.

Basi Kimbunga Hidaya nacho kilikuwa tonado? (Msomaji, Dar es Salaam)

Hapana. Hidaya ya Mei 2024 ilizaliwa baharini, ikala joto la maji kwa siku kadhaa, upana wake mamia ya kilomita, na ikafuatiliwa kwa setilaiti hadi karibu na Mafia. Tonado kwa kawaida haifiki upana wa kilomita moja, na nyingi huisha ndani ya dakika kumi.

Usiku wa Desemba 2021 tonado ilipita mjini kwetu. Wakasema ni EF3, na ile ya mji wa Mayfield, jimboni humu humu, ni EF4. Nani alizipima, na kwa kipimo gani? (Msomaji kutoka Kongo, anaishi Bowling Green, Kentucky)

Pole sana, ndugu yangu, kwa usiku ule. Swali lako ndilo kiini cha safu hii, kwa sababu wengi wanadhani kuna chombo kilichosimama ndani ya upepo kikausoma. Hakuna. Namba hutolewa tonado ikishapita, na watu wanaotembea kwenye vifusi.

Kipimo hicho kilianzishwa mwaka 1971 na Tetsuya Fujita, Mjapani aliyekuwa Chuo Kikuu cha Chicago. Mwaka 1945, akiwa mwalimu kijana huko Kyushu, alikwenda Nagasaki na Hiroshima kuchunguza jinsi mlipuko wa bomu la atomiki ulivyolaza miti na kuta, akajifunza kusoma nguvu kutokana na uharibifu. Jicho hilo akalipeleka kwenye tonado. Baadaye wahandisi waligundua kwamba kasi alizokadiria kwa ngazi za juu zilizidi: nyumba ya kawaida huvunjwa na upepo mdogo kuliko alivyodhani. Kipimo kikasahihishwa, kazi ikiongozwa na Chuo Kikuu cha Texas Tech, na toleo jipya, EF (yaani Fujita iliyoboreshwa), likaanza kutumika Marekani Februari 2007.

EF0 huanza kilomita 105 kwa saa: matawi na vigae. EF1 ni 138, EF2 ni 178 na hapo paa zima huondoka. EF3 huanzia 218, kuta za nyumba imara huanguka. EF4 ni 267, nyumba iliyojengwa vizuri inabaki rundo. EF5 ni zaidi ya 322, na nyumba imara inafagiwa ukabaki msingi mtupu.

Wakaguzi wana aina 28 za vitu vya kutazama, kuanzia nyumba, shule na ghala hadi miti na nguzo za umeme. Hawaishii kusema "nyumba imekwenda". Wanainama kutazama ilishikwa na nini: boliti na nati kwenye msingi, au misumari tu? Ya misumari ikifagiwa, namba hushuka. Tonado yenu ilikadiriwa kilomita 266 kwa saa, ukingoni kabisa mwa EF3. Ya Mayfield ilikuwa 306. Kwa aliyezika mtu wake, tofauti hiyo haina maana yoyote.

Nimesoma kwamba tonado pana kuliko zote nayo ni EF3. Inawezekanaje? (Msomaji, Nairobi)

Ni ile ya El Reno, Oklahoma, 31 Mei 2013, yenye upana wa kilomita 4.2. Rada za kwenye magari zilisoma upepo unaokaribia kilomita 480 kwa saa. Ila ilipita zaidi mashambani, ikakosa majengo ya kutoa ushahidi, na ikashushwa kutoka EF5 hadi EF3. Iliua watafiti Tim Samaras, mwanawe Paul na mwenzao Carl Young, watu waliozijua tonado kwa miaka mingi. Kwa maoni yangu huu ni upungufu mkubwa wa kipimo: shamba la ngano halina namba, nyumba inayo.

Ndiyo maana EF5 ni adimu. Baada ya Moore, Oklahoma, Mei 2013, ilipita miaka kumi na miwili hadi ile ya Enderlin, North Dakota, Juni 2025. Nayo ilipata daraja hilo miezi baadaye, wahandisi walipokokotoa nguvu iliyohitajika kurusha behewa tupu la tangi zaidi ya mita 140.

Afrika hazipo? (Msomaji, Mombasa)

Zipo, hasa Afrika Kusini. Tarehe 15 Desemba 1998 tonado ilipiga Mthatha wakati Nelson Mandela yumo ndani ya duka la dawa. Walinzi wake walimkinga, akatoka salama. Watu 18 walikufa mjini. Juni 2024 nyingine ilibomoa nyumba oThongathi, KwaZulu-Natal. Kwetu karibu na ikweta upepo wa juu kwa kawaida ni dhaifu, kwa hiyo mawingu hayapati ule mzunguko mkubwa.

Mwanangu amepata chuo Oklahoma. Nimwambie nini? (Mama, Tanga)

Shikamoo mama. Mwambie atofautishe matangazo mawili. La kwanza husema hali ya hewa inaruhusu tonado: achaji simu, akae karibu na mahali pa kujificha. La pili, onyo lenyewe, maana yake imeonekana kwa macho au kwenye rada, na mara nyingi zinabaki dakika kama kumi tu. Hapo asitoke nje kupiga picha. Ashuke chumba cha chini ya ardhi. Kama hakipo, aingie chumba cha ndani cha ghorofa ya chini kisicho na madirisha, bafuni kwa mfano, ajikunje na kufunika kichwa. Asihangaike kufungua madirisha, haisaidii. Akiwa barabarani asijibanze chini ya daraja, upepo hubanwa pale. Na akitafuta nyumba ya kupanga, aepuke zile nyumba za kuhamishika zisizo na msingi, ama ahakikishe kabla ya kulipa kodi kwamba kuna kimbilio anachoweza kufika kwa miguu.