Hiyo p na h achana nazo

Mwanangu,

Voisi yako ya jana nimeisikiliza mara mbili nikacheka mpaka dada yako akaja kuuliza kuna nini, eti "fithisisi", kama mtu anataka kupiga chafya halafu inagoma. Umeuliza hilo neno phthisis kwenye kitabu chako cha mtumba linatamkwaje na kwanini wamepanga konsonanti nne mwanzoni bila hata irabu ya kupumzikia.

Sema THAI-sis. Th ya thelathini, ulimi kwenye meno, usiniletee selasini za huku Moshi. Wengine wanasema taisis, nayo ipo kwenye kamusi, usibishane na mtu.

Chanzo ni Kigiriki. Kwao hizo ni herufi mbili tu, fi na theta, ila Warumi walipoziandika kwa herufi zao kila moja ikawa mbili, ndo ukapata nne. Na Wagiriki wa kale walizitamka kama p na t zenye pumzi. Unamkumbuka yule mama wa Mombasa tuliyepanga naye nyumba moja Majengo? Akisema paa la nyumba p yake kavu, akisema paa wa porini inatoka na pumzi, weka kiganja mbele ya mdomo utaisikia. Basi p yao ilikuwa hiyo ya mnyama. Waingereza wakabeba tahajia yote, kutamka kukawashinda.

Mbele ni mzizi wa kudhoofu, kuisha, hiyo -sis ya nyuma ndo inageuza kitendo kuwa jina, kama sisi tunavyotoa anguko kwenye anguka. Ni ileile ya analysis na basis, kwa hiyo wingi ni phthises, mwisho unavuta siiz. Halafu kuna ndugu yake phthisic, hiyo inasomwa tizik, hapo hata mimi nimenyoosha mikono.

Maana yake ni TB tu. Koch, daktari wa Kijerumani, alitangaza kijidudu chake 1882, kabla ya hapo madaktari walikuwa wanaona mtu anakonda, anakonda, anaisha, wakaita walichokiona. Mimi nimefanya unesi miaka yote hiyo sijawahi kuliandika kwenye faili la mgonjwa, sisi tulisema tu "kapelekwa Kibong'oto", ile hospitali ya TB, na kila mtu kaelewa.

Kwa hiyo huyo binti wa kitabuni anayekoholea leso, mwandishi keshakuambia anapoelekea. Rudia voisi basi, dada yako anasubiri.

Mama