Wastani wa kupiga hautoshi

Ndugu, umeuliza kwa nini mashabiki wa besiboli siku hizi wanaupuuza wastani wa kupiga, yaani mapigo yaliyomfikisha mpigaji kwenye besi ukigawa kwa zamu zake zinazohesabiwa. Hatuupuuzi, ila unaficha mengi. Mrushaji akirusha mipira minne nje ya eneo la kupigwa, mpigaji anapewa besi ya kwanza (kituo cha kwanza cha kukimbilia) bure, na zamu hiyo haiingii kabisa kwenye wastani. Yaani macho makali na subira ya mchezaji havionekani popote.

Mtazame mpigaji Barry Bonds mwaka 2004 akiwa na timu ya San Francisco Giants ya Marekani. Wastani wake ulikuwa .362, mzuri sana. Lakini alipewa besi ya bure mara 232, na 120 kati ya hizo warushaji walifanya makusudi kwa kumwogopa. Kiwango chake cha kufika besi, ambacho huhesabu na besi za bure, kikawa .609, yaani kama zamu sita kati ya kumi, rekodi ya ligi kuu kwa msimu mmoja. Ukisoma wastani peke yake, hofu yote hiyo huioni! Kwangu mimi, kiwango cha kufika besi ndicho kipimo cha kwanza cha kutazama, kisha nguvu ya mapigo.

Ulilouliza kuhusu kuinuka uwanjani kwenda kununua kinywaji: subiri nusu ya ingingi iishe, yaani timu moja imalize kupiga kabla ya nyingine kuingia, au angalau mpigaji amalize zamu yake. Usipite mbele za watu mrushaji akijiandaa kurusha. Tukio moja la sekunde mbili ndilo mwenzako alilolingojea jioni nzima. Na ukidaka mpira uliotoka nje hadi jukwaani, na pembeni yako kuna mtoto, mpe.