Muulize Shangazi: Nina dola 1,500 za kadi za posta, nizigawe vipi?

Shikamoo Shangazi. Nipo Columbus, Ohio, huu mwaka wa nne. Nilianza kusafisha nyumba za watu peke yangu, sasa nina msaidizi mmoja na wateja saba wa kudumu, wote nimewapata kwa watu kuambizana tu. Nataka kupanua na nimeweka dola 1,500 kwa ajili ya matangazo. Jamaa wa duka la kuchapisha anasema nichape kadi 5,000 nizitume zote mara moja kwa posta, eti ukituma nyingi ndo wateja wanakuja wengi. Rafiki yangu anasema hiyo hela ya kutupa, bora nichape flaya mia tatu hivi nizunguke na watoto jioni tuziweke kwenye masanduku ya barua ya watu bure. Mume wangu naye anataka hiyo hela tununue mashine mpya ya kuvuta vumbi. Kwenye usafi sishindwi Shangazi, ila hizi hesabu za matangazo zinanichanganya kabisa.
— Mama Usafi, Columbus

Marahaba mwanangu, na hongera sana, wateja saba wa kuambizana maana yake kazi yako inaonekana, na hiyo ndo mtaji wenyewe.

Nianze na rafiki yako kwa sababu ushauri wake unaweza kukuingiza matatani. Marekani sanduku la barua lililo mbele ya nyumba ya mtu linalindwa na sheria ya shirikisho, huruhusiwi kuweka humo tangazo ambalo halijalipiwa posta, na faini ipo. Najua sisi tumekua tunaona karatasi zinasukumwa chini ya geti na hakuna anayeuliza, huko uliko sio hivyo. Kuning'iniza kwenye kitasa cha mlango ni jambo jingine, hapo unaulizia masharti ya mji wako kwanza, na ukikuta kibao cha kukataza wachuuzi unapita moja kwa moja. Watoto usiwatume kwenye masanduku ya watu, tafadhali.

Sasa huyu wa kadi 5,000. Huduma anayoisemea nadhani ni ile ya USPS, yaani posta ya Marekani, inaitwa Every Door Direct Mail, yani unachagua ruti ya mtu wa posta na kila nyumba kwenye hiyo ruti inapata kadi yako, huhitaji kununua orodha ya majina wala kuandika anwani, kwenye kadi unaandika tu "Local Postal Customer" basi. Ni huduma nzuri sana kwa mtu kama wewe na hata kibali cha kutuma kwa wingi hakihitajiki ukipeleka mwenyewe kaunta. Kiwango cha chini ni kadi 200 na cha juu ni 5,000 kwa siku kwa postikodi moja. Ila piga hesabu uone. Posta peke yake weka robo dola kwa kadi, hiyo ndo namba ya kupangia bajeti, bei kamili utaisoma kwenye saiti yao siku unayotuma maana wanaibadilisha. Kadi 5,000 mara robo dola ni dola 1,250. Umebakiwa na 250, na hapo hujachapa hata kadi moja, hujamlipa dizaina, hujaweka mafuta kwenye gari. Hiyo bajeti haipo, na mtu anayekwambia ufanye hivyo anaangalia mashine yake isikae bure, haangalii mfuko wako.

Na hata kama hela ingetosha bado ningekukataza. Mtu akiona kadi ya usafi mara ya kwanza mara nyingi inaenda kwenye pipa, sio kwamba ni mbaya, siku hiyo tu hakuwa na shida. Wiki nne baadae wageni wanakuja, mtoto kamwaga juisi kwenye zulia, anaiona tena kadi ileile rangi ileile, anaanza kukuzoea. Mara ya tatu anaibandika kwenye friji. Kwa hiyo badala ya nyumba 5,000 mara moja, chukua nyumba 1,000 mara tatu. Hilo ndo jibu langu kwa kweli, mengine yote ni kupanga tu.

Bajeti yenyewe mimi ningeiweka hivi. Kadi 3,000, posta dola 750. Uchapaji, tuseme umepata senti 15 kwa kadi pande mbili rangi, dola 450, na uulize maduka matatu kabla hujalipa maana bei zinapishana sana, ukiulizia 3,000 kwa mkupuo mmoja senti zinashuka. Dizaina dola 150, usifanye mwenyewe kwenye simu. Jumla 1,350. Zile 150 zinazobaki usiziguse, ni za mafuta na raba bendi na lolote litakaloharibika, na kitu huwa kinaharibika.

Hapo kwenye kuharibika nikwambie yaliyonikuta mimi ili yasikukute. Nilikuwa na duka la kushona Houston, nikachapa kadi 2,000 nzuri za inchi 6 kwa 9, duka la uchapaji likaniapia hiyo ndo saizi ya posta, nikafunga mafungu yangu nikaenda kaunta, yule dada akapima na rula akanirudishia zote. Kwa huduma hii kadi ya saizi ya kawaida haikubaliwi, lazima urefu uzidi inchi 10.5 au kimo kizidi inchi 6.125, kwa hiyo 6 kwa 9 imekosa kote kuwili, kimo kwa kitu kidogo hivyo. Nililia kwenye gari, dola 380 zilikuwa nyingi sana kwangu wakati ule, na mwenye duka akasema hahusiki. Kwa hiyo wewe agiza 6.5 kwa 9, au ile nyembamba ndefu ya 4.25 kwa 11, zote zinapita, na kabla ya kuchapa 3,000 omba akuchapie moja tu ya mfano uipeleke kaunta wakuangalizie saizi na ile alama ya malipo ya posta inayokaa kona ya juu kulia. Dakika kumi tu hizo.

Ruti sasa. Ingia kwenye saiti ya posta, andika postikodi ya mteja wako bora kati ya wale saba, ramani itakuonyesha kila ruti ina nyumba ngapi, kipato cha wastani na umri wa wakazi. Unaweza kuondoa maofisi ubaki na makazi tu, ila huwezi kuruka nyumba moja moja, ukichukua ruti umeichukua yote. Chagua ruti mbili zilizopakana zenye kama nyumba 500 kila moja, palepale ambapo tayari una mteja. Watu wanataka ramani kubwa ili waonekane wamefika kila mahali, mimi nataka wateja wako wawe mtaa mmoja ili wewe na msaidizi mmalize nyumba tatu kwa siku bila kuunguza saa mbili barabarani. Mafuta na muda ni sehemu ya bajeti ya matangazo hata kama hamna anayeviandika humo.

Unajuaje kama hela itarudi? Usianze na kadi, anza na nyumba moja. Tuseme unatoza dola 130 kwa safari, msaidizi unampa 50, sabuni na mafuta 15, unabaki na 65. Gawa 1,350 kwa 65 unapata safari 21 hivi. Kwa hiyo mtu mmoja tu anayekuita kila baada ya wiki mbili akikaa mwaka, safari 26, kampeni yote kaishailipa peke yake. Mimi huwa napanga kwa simu tatu kwa kila kadi elfu, sipangi zaidi, kwa hiyo 3,000 zikupe simu tisa, kati ya hao watatu wabaki. Watatu mara safari mbili kwa mwezi mara 65 ni dola 390 kwa mwezi, miezi mitatu na nusu hela yako imerudi na wateja bado unao. Weka namba zako za kweli badala ya zangu, na kama ukiweka ukaona baki lako ni dola 20 tu kwa safari basi usitume kadi yoyote, rekebisha bei kwanza, maana wateja wapya watakuchosha bure.

Kwenye kadi weka ofa moja, sio nne. Kitu kama punguzo la safari ya pili ni bora kuliko punguzo la safari ya kwanza kwa sababu unataka wanaorudi. Usiandike tarehe ya mwisho wa ofa la sivyo kadi za mzunguko wa tatu zitakuwa zimeshakufa, andika tu ni kwa wateja wapya. Namba ya simu iwe kubwa na ianze na 614 ya hapohapo Columbus. Kama una bima ya biashara iandike waziwazi, unaingia kwenye nyumba za watu na hilo wanaliwaza kuliko bei, kama huna usiandike na uitafute. Na mpe mtu aliyekulia na hicho Kiingereza asome kabla ya kuchapa, kosa moja la herufi linamfanya mtu aogope kukupa funguo yake.

Tarehe: acha wiki nne kati ya mzunguko na mzunguko. Mwaka wa uchaguzi ikwepe Oktoba yote na mwanzo wa Novemba, masanduku yanajaa kadi za wagombea na yako itazama. Kwa kazi yako mwisho wa Machi ni mzuri, watu wanafungua madirisha, na wiki mbili kabla ya Thanksgiving, ile sikukuu yao ya mwishoni mwa Novemba, pia. Unafunga mafungu ya kadi 50 hadi 100, kila fungu na karatasi yake ya juu inayotaja ruti, halafu unapeleka kwenye posta inayohudumia hizo ruti, sio posta yoyote iliyo karibu na kwako, hapo wengi wanakosea wanarudishwa.

Mzunguko wa kwanza weka alama A pembeni ya kadi, wa pili B, wa tatu C, kila anayepiga muulize ameshika kadi gani na uandike kwenye daftari siku ileile. Mizunguko miwili ikipita simu haijalia hata moja, usitupe ile elfu ya tatu kwenye nyumba zilezile, ihamishie ruti nyingine mbili.

Na mume wako msikilize kidogo. Kama mashine ya sasa inakufia katikati ya kazi basi yuko sahihi, nunua mashine kwanza na kampeni isubiri, mteja wa kwanza kutoka kwenye kadi ukimwachia zulia nusu safi ataongea mtaa mzima, na safari hii kuambizana kutakugeukia. Kama inafanya kazi, mwambie itatoka kwenye hela ya wateja hao watatu.

*

Shangazi habari. Mimi nina duka la gesi Tabata, mitungi ya kilo 6 na kilo 15, nina laki tatu nataka kila nyumba ya mtaani ijue napeleka hadi mlangoni. Naweza kutumia posta kama huko nje?
— Kijana wa Mitungi, Dar es Salaam

Mwanangu kwako posta sio njia, barua za Tanzania zimezoea kwenda kwenye S.L.P. na watu unaowataka wengi hawana sanduku. Ila tangu operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022 nyumba zina namba na mitaa ina vibao, hiyo itumie, chora ruti zako mwenyewe kwenye daftari, mtaa gani nyumba namba ngapi hadi ngapi, ili ujue nani kapata na nani bado.

Usichape rangi. Karatasi moja ya A4 ikate vipande vinne, ukipata kopi kwa sh 100 basi A4 500 ni sh 50,000 na una vipande 2,000. Vijana wawili siku mbili, sh 15,000 kila mmoja kwa siku, ni 60,000. Tembea nao siku ya kwanza mwenyewe, vinginevyo nusu ya karatasi utazikuta mtaroni. Umetumia 110,000. Nyingine 110,000 iweke kwa mzunguko wa pili mwezi ujao nyumba zilezile, na 80,000 inayobaki ni mafuta ya bodaboda, kwa sababu umeahidi kupeleka mlangoni na mtu akipiga saa moja usiku ugali haujaiva hawezi kusubiri.

Kabla ya kuanza pita ofisi ya serikali ya mtaa uwaambie, na uwaulize kama halmashauri ina ada yoyote ya matangazo ya namna hiyo. Karatasi iwe na vitu vinne tu: bei ya kilo 6, bei ya kilo 15, namba ya simu yenye WhatsApp, na saa unazopeleka. Kama bei ya gesi inapanda na kushuka hapo kwenu acha nafasi wazi ya bei uandike kwa kalamu, uchoshe mkono kidogo, usije ukagawa bei ambayo huwezi kuitunza.