Kampuni Tisa, Pipa Moja

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniuliza ni kampuni gani ya mafuta anunue kwa akiba yake yote ya miaka sita. Swali hilo lilinichoma, kwa sababu niliwahi kujiuliza vivyo hivyo na nikajijibu kwa kiburi.

Nilianza kununua hisa za mafuta mwaka 2016, wakati pipa la Brent (mafuta ghafi ya Bahari ya Kaskazini ambayo bei yake ni kipimo cha soko la dunia), lililouzwa kwa zaidi ya dola 110 katikati ya 2014, lilipokuwa limeshuka hadi chini ya dola 30. Bei ilipopanda nilijiona mjuzi, na kufikia 2019 robo tatu ya mtaji wangu ilikuwa katika kampuni tisa: zenye visima na viwanda vyake, wachimbaji wadogo, hata moja iliyokodisha mitambo ya kuchimbia. Nilimhakikishia mke wangu kwamba nimetawanya hatari.

Machi 2020, huku korona ikisimamisha ndege na magari, Saudi Arabia na Urusi zilishindwa kuafikiana juu ya kupunguza uzalishaji, na tarehe 9 Brent ikapoteza karibu robo ya bei yake kwa siku moja. Kampuni zangu zote tisa zilianguka pamoja, ndipo nilipotambua kwamba nilikuwa nimenunua kitu kimoja tu, yaani bei ya pipa. Tarehe 20 Aprili mkataba wa kupokea mwezi Mei mapipa ya WTI, mafuta ghafi ya Marekani, ulifungwa kwa dola 37.63 chini ya sifuri, kwa kuwa walioushika hawakuwa na mahali pa kuhifadhi mafuta. Kampuni niliyoitegemea kwa gawio, yaani sehemu ya faida wanayolipwa wenye hisa, ililipunguza kwa zaidi ya nusu, na mchimbaji mmoja mdogo akafilisika. Mwezi Oktoba niliuza zote.

Kisha Urusi ikaivamia Ukraine, Brent ikavuka dola 120, na kampuni ya Marekani ya ExxonMobil ikatangaza faida ya dola bilioni 55.7 kwa mwaka 2022. Habari hiyo niliisoma nikiwa sina hata hisa moja ya mafuta, na sitadai kwamba nimeisahau.

Basi, ndugu yangu, usihesabu majina ya kampuni. Chunguza kila moja inapata fedha wapi. Kampuni ya mabomba hulipwa ada kwa kiasi kinachopita, hivyo haitikiswi sana na bei. Kiwanda cha kusafishia huweza hata kunufaika mafuta ghafi yakishuka, kwa kuwa ndiyo malighafi yake. Mchimbaji mwenye deni kubwa ndiye wa kwanza kuumia. Gawio linaloonekana nono kupita kiasi ukililinganisha na bei ya hisa, mara nyingi linakuonyesha tu kwamba hisa imeanguka. Tazama deni kwanza, kisha uliza pipa likiwa dola ngapi kampuni hulipa gawio hilo bila kukopa. Mimi sasa siruhusu mafuta na gesi kuzidi humusi ya mtaji wangu, hata bei ikinishawishi namna gani.

Msomaji wangu ameandika tena: bado anataka jina la kampuni. Nami nimemuuliza fedha hizo atazihitaji lini.