Maswali na majibu: Nyumba, gari na deni katika Marekani ya baada ya vita

Tangu tuanze kuandika juu ya maisha ya Marekani baada ya Vita vya Pili vya Dunia, barua zimekuja nyingi kuliko nafasi tuliyo nayo. Nimechagua tano zinazogusana, na nyingine nimelazimika kuzifupisha.

Shikamoo. Kitabu chetu cha historia kinasema kwamba baada ya vita mfanyakazi wa kawaida wa Marekani aliweza kununua nyumba. Fedha alizitoa wapi? (Mwanafunzi wa kidato cha sita, Tanga)

Marahaba. Sehemu ya fedha alikuwa nayo mkononi, kwa sababu wakati wa vita watu walifanya kazi kwa saa nyingi huku vitu vya kununua vikiwa haba. Viwanda vya magari, kwa mfano, viliacha kutengeneza magari ya raia mapema mwaka 1942. Hata hivyo akiba peke yake isingetosha. Sheria aliyoitia saini Rais Franklin Roosevelt tarehe 22 Juni 1944 iliiruhusu serikali kumdhamini askari aliyerudi vitani, ili akishindwa kulipa mkopo wa nyumba, hasara yote isiiangukie benki. Kabla ya hapo, tangu 1934, kulikuwa na mamlaka ya serikali kuu iliyokuwa ikikatia bima mikopo ya nyumba, nayo ilikwisha kuzizoesha benki kukopesha kwa muda mrefu na kupokea marejesho madogo ya kila mwezi. Mkopeshaji aliyeondolewa hofu hufungua mkoba.

Utaliona jambo hili vizuri ukitazama Levittown, kitongoji kilichoanza kujengwa mwaka 1947 katika kisiwa cha Long Island, kwenye mashamba yaliyokuwa ya viazi. Kampuni ya William Levitt na jamaa zake iliigawa kazi ya kujenga nyumba katika hatua zipatazo 26, na kila kundi la mafundi likawa na hatua yake moja. Malori yalishusha mbao, mabomba na misumari mbele ya kila kiwanja, mafundi wakamaliza sehemu yao na kuhamia kiwanja cha pili, kana kwamba kiwanda ndicho kinachotembea na bidhaa imesimama. Msingi ulikuwa zege lililomwagwa juu ya ardhi, bila chumba cha chini. Nyumba yenyewe ilikuwa na vyumba viwili vya kulala, sebule, jiko na bafu, na juu, chini ya paa, iliachwa nafasi ambayo mwenye nyumba angeimalizia mwenyewe watoto wakiongezeka. Kazi ilipopamba moto, zaidi ya nyumba 30 zilikamilika kwa siku moja. Mwaka 1949 nyumba iliuzwa kwa dola 7,990, na askari aliyerudi vitani aliweza kuingia bila kutoa kianzio, akalipa kama dola 58 kwa mwezi. Kwa wengi, kodi ya chumba cha kupanga mjini ilizidi hapo.

Masharti nayo hayakukosekana: kuweka uzio kulikatazwa, nyasi zilipaswa kukatwa kila wiki, na nguo zisionekane kambani mwishoni mwa wiki. Mtu aliyevuka bahari kupigana na Wajerumani akawa anapangiwa siku ya kuanika shati lake.

Je, Wamarekani weusi waliopigana vita hiyohiyo nao walipata nyumba hizo? (Msomaji, Kisumu)

Kwa maandishi ya sheria ya 1944, walistahili; sheria haikutaja rangi. Ila dhamana ilipitia benki ya mtaani na ofisa wa mahali pale, na huko ndiko mlango ulikofungwa. Uchunguzi uliofanywa katika miji 13 ya jimbo la Mississippi mwaka 1947 ulikuta kwamba katika mikopo 3,229 iliyodhaminiwa chini ya sheria hiyo, miwili tu ndiyo iliyokwenda kwa askari weusi. Huko Levittown, mikataba ya awali ilisema wazi kwamba asiye mzungu haruhusiwi kuishi katika nyumba hiyo, isipokuwa awe mtumishi wa ndani. Mwaka 1948 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba mahakama haziwezi kulazimisha utekelezaji wa masharti ya namna hiyo, lakini Levitt aliendelea kukataa kuwauzia watu weusi.

Mwezi Agosti 1957, familia ya Myers ilipohamia Levittown nyingine, ile ya Pennsylvania, baada ya kununua kutoka kwa mwenye nyumba wa kwanza, umati ulijazana barabarani usiku baada ya usiku na mawe yakavunja dirisha la sebule. Sheria ya nchi nzima ya kukataza ubaguzi katika uuzaji na upangishaji wa nyumba ilikuja mwaka 1968. Ndiyo maana sipendi mafanikio ya miaka ile yaelezwe kuwa ni matunda ya bidii tu: bidii ilikuwapo pande zote mbili za mtaa, lakini dhamana ilikuwapo upande mmoja.

Ni kweli kwamba Wamarekani waliacha kupika kwa sababu ya televisheni? (Mama wa watoto wanne, Unguja)

La, hawakuacha. Unachokizungumzia ni kile kilichoitwa "TV dinner", yaani chakula cha kula mbele ya televisheni, kilichogandishwa katika sinia ya alumini yenye vigawanyo, ambacho kampuni ya Swanson ilianza kukiuza kwa wingi mwaka 1954: nyama ya bata mzinga, njegere na viazi vitamu, kwa senti 98. Kilisaidia zaidi siku mama anaporudi amechoka, na wanawake walioolewa ambao wenyewe walifanya kazi nje ya nyumba walizidi kuongezeka katika muongo ule, tofauti na picha za matangazo.

Kadi za mkopo zilianzaje? Zamani huku pwani tulikuwa na mali kauli tu. (Mfanyabiashara, Mombasa)

Huko nako walikuwa na mali kauli yao, kwa kuwa magari na mafriji yalinunuliwa kwa awamu tangu kabla ya vita. Kadi ya Diners Club ya mwaka 1950 ilimtaka mtu alipe deni lote mwisho wa mwezi. Kilichobadilisha mambo ni jaribio la Bank of America katika mji wa Fresno, California, Septemba 1958, ambapo watu wapatao 60,000 walitumiwa kadi kwa posta bila ya kuziomba. Deni liliweza kubebwa mwezi hadi mwezi kwa riba. Wasiolipa walikuwa wengi mno kuliko benki ilivyokadiria, na matapeli hawakuchelewa, lakini kadi yenyewe haikufa: ndiyo inayoitwa Visa leo. Mwenye duka aliyemkopesha jirani alimjua hata babu yake. Kadi haikuhitaji kumjua mtu.

Kwa nini Nixon na Khrushchev walibishana jikoni? (Msomaji, Bujumbura)

Tarehe 24 Julai 1959 Wamarekani walifungua maonyesho katika bustani ya Sokolniki, Moscow, na ndani yake wakasimamisha nyumba nzima ya mfano, iliyogawanywa katikati ili wageni wapite. Richard Nixon, makamu wa rais wa Marekani, alimwonyesha Nikita Khrushchev, kiongozi wa Umoja wa Kisovieti, jiko na mashine ya kufulia, akadai kwamba mfanyakazi wa kiwanda cha chuma anaweza kununua nyumba kama hiyo kwa dola 14,000. Alichagua mfano mgumu, maana wafanyakazi wa chuma walikuwa wamegoma tangu katikati ya mwezi huohuo, na yeye mwenyewe alilitaja hilo. Khrushchev alijibu kwamba nyumba za Marekani hujengwa zidumu miaka 20 tu ili wajenzi wapate kuuza nyingine, ilhali wao huwajengea watoto na wajukuu.

Katika hilo alikosea. Nyingi za nyumba za Levittown zimesimama mpaka leo, ingawa ni shida kuipata moja yenye sura yake ya 1947, kwa sababu karibu kila mwenye nyumba alipanda juu akaimalizia ile nafasi ya chini ya paa, kisha akaongeza chumba ubavuni.