Jibu: Herufi za fonti ya mwandiko wa mkono haziungani
Habari mkuu. Umesema neno "Amina" linatoka vipande vipande kwenye Illustrator (programu ya kuchora ya Adobe), mkia wa "m" hauigusi "i". Hata mimi yalinikuta. Kwanza angalia nafasi ya jumla kati ya herufi (tracking): iwe 0, maana hata 20 tu inatosha kukata muungano. Kama kerning (nafasi kati ya herufi mbili zinazofuatana) iko kwenye "Optical", yaani programu inakadiria yenyewe, irudishe "Auto", ifuate vipimo vya mchoraji wa fonti.

Na jamani, usiandike neno zima kwa herufi kubwa! Zile zenye madoido zimechorwa kuanzia neno. Zikipangwa pamoja hazisomeki. Ukitaka kuzungushia mstari wa nje, geuza maandishi kuwa mchoro, kisha yaunganishe kwa Pathfinder (zana ya kuunganisha maumbo), kitufe cha "Unite". Usipofanya hivyo kila kiungo kitaonekana kama kovu.